Yaliyoandikwa Nyuma ya Kopo

Kazi yangu ya kwanza katika kliniki ya ngozi ilikuwa kukoroga. Nilifika hospitali pale Shinyanga nikiwa muuguzi mpya, sare imepigwa pasi mpaka inakwaruza, nikitegemea kupelekwa wodini. Badala yake nilielekezwa chumba kidogo nyuma ya stoo ya dawa, ambako Mzee Masalu alikuwa akichanganya marhamu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa, akanisogezea kigae cha kioo na kisu bapa, akasema kama sitaki kuchafuka bado naweza kuomba wodi ya wazazi. Baadaye nilikuja kufanya kazi wodi ya wazazi, nikagundua kwamba mzee alikuwa anatania.

Nawaandikia ninyi mnaobaki kliniki. Siku ya kuniaga nilipostaafu mliniuliza nimejifunza nini miaka yote hii, nikajibu kama watu wanavyojibu wakiwa na soda mkononi. Hapa najaribu kujibu vizuri zaidi. Habari za vyeo nitaziacha. Ziko kwenye faili, na sijaona faili lililowahi kumponya mtu ukurutu.

Wakati ule tulikuwa tunatengeneza wenyewe dawa nyingi za kupaka. Mafuta ya mgando yalikuja kwenye ndoo, yurea na asidi ya salisiliki kwenye makopo ya unga. Kazi yangu ilikuwa kuutandaza unga juu ya kigae, kuweka mafuta kidogo kidogo, na kusugua kwa kisu mpaka chembe zote zipotee. Mzee Masalu alikuwa anapaka mchanganyiko wangu mgongoni mwa mkono wake. Akihisi chembe hata moja, anarudisha. Hakukemea. Alisema tu kwamba mgonjwa atakayepakwa hiyo naye ana mkono.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kila kitu kinachozuia ngozi ya uso isikauke kinafanya kazi moja kati ya tatu. Kuna vinavyovuta maji na kuyashika, kama glisirini, yurea kidogo, asali, na siku hizi hiyo asidi ya hayaluroni mnayoiona kwenye matangazo. Kuna vinavyoingia kwenye nyufa ndogo za ngozi na kuilainisha, kama mafuta ya alizeti, siagi ya shea, na lanolini inayotoka kwenye sufu ya kondoo. Na kuna vinavyofunika juu ili maji yasitoroke, kama mafuta ya mgando na nta ya nyuki. Krimu nzuri inazo zote tatu, pamoja na kitu cha kuunganisha maji na mafuta, na kihifadhi ili kopo lisiote ukungu. "Kinachobaki," alisema Mzee Masalu, "ni harufu na hadithi."

Alinionya pia juu ya kiangazi cha kwetu. Mimi ni mtu wa Kishapu, upepo wa mwezi wa nane naujua, lakini sikujua kwamba mtu akipaka glisirini tupu kwenye hewa kavu namna ile, glisirini ikikosa maji hewani inayanyonya kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Ndiyo maana tulikuwa tunawaambia akina mama wapake mara tu wakitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, kisha wafunike kwa mafuta ya mgando. Ushauri huo ni rahisi na unafanya kazi. Nimeutoa maisha yangu yote, na sijamwona mtu aliyeutamani.

Krimu za madukani zilipoanza kuwa nyingi, Mzee Masalu alileta mbili za uso, moja ya bei ya kawaida ya sokoni, nyingine ikiwa kwenye sanduku la dhahabu. Akaniambia nisome nyuma. Alinieleza kwamba kinachotajwa mwanzo ndicho kingi zaidi, na kinachotajwa mwisho huenda kimepita tu karibu na kopo. Zote mbili zilianza na maji, zikafuata glisirini, mafuta ya parafini, kiunganishi, kihifadhi na manukato. Ile ya sanduku la dhahabu iliongeza dondoo ya ua fulani, mwishoni kabisa, baada ya manukato. Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema hao angalau wameandika walichoweka, nije kumwambia siku nitakayokutana na wasioandika.

Alistaafu, akarudi kwa ng'ombe wake, akafariki kabla sijapata nafasi ya kumwambia.

Nilihamishiwa kituo cha afya upande wa Geita, kwenye machimbo. Wengi wenu mmenikuta huko. Nilidhani nitatibu fangasi za miguu iliyoshinda kwenye buti na vipele vya vumbi la makarasha yanayosaga mawe. Vipo, na nilivitibu. Lakini nilichokutana nacho siku ya kwanza kilikuwa nyuso. Benchi zima la akina mama, wa kila dini na kila mkoa, waliofuata rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu mpya, pamoja na waume zao au peke yao, na karibu wote nyuso zao zilikuwa za rangi moja na mikono ya rangi nyingine. Mashavu mekundu, mishipa inaonekana kama kwenye jani, vifundo vya vidole vyeusi kama zamani. Pale machimboni shule ilikuwa bado haijaezekwa, lakini maduka ya vipodozi yalikuwa yamejipanga njia nzima, yakiwa na vioo na taa.

Mnajua mkorogo ni nini, ila niandike kwa ajili ya watakaokuja. Muuzaji anachanganya krimu kadhaa kwenye ndoo na kuzigawa kwenye vikopo visivyo na maandishi. Mara nyingi kuna haidrokwinoni, ambayo inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, na ikitumika muda mrefu huacha madoa ya bluu-nyeusi ambayo hakuna dawa iliyowahi kunisaidia kuyatoa. Kuna dawa kali ya steroidi, ambayo sisi tunaitoa kwa pumu ya ngozi, kwa siku chache, na si usoni. Hiyo inaifanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara. Na kuna zebaki, ambayo nayo inazuia rangi, lakini haiishii kwenye ngozi. Inaingia kwenye damu na kwenda kukaa kwenye figo.

Vyote vitatu vinaleta matokeo ya haraka. Hapo ndipo tuliposhindwa. Mafuta yangu ya mgando hayajawahi kumfanya mtu aulizwe njiani amepaka nini.

Sasa niwaeleze habari za Milembe, kwa sababu ndiye mgonjwa ninayemfikiria.

Alikuja kituoni akiwa ameshikwa mkono na mdogo wake, Kwandu. Walikuwa watoto wa Kishapu, karibu na kwetu, na Milembe aliponisikia nikizungumza alinisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, akatabasamu. Uso wake ulikuwa umevimba mpaka macho yamekuwa mistari. Nilimbonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. Nilimuuliza kuhusu mkojo, akasema una povu kama maji ya kufulia. Figo zilikuwa zinamwaga protini nje.

Kwa machimbo yale, mtu wa kwanza kumshuku ni mchomaji wa dhahabu. Nilimuuliza kama anafanya kazi mwaloni, kule wanakoosha udongo na kuukamata unga wa dhahabu kwa zebaki, au kama wanachomea nyumbani ili zebaki itoke ibaki dhahabu. Alisema hapana. Mume wake, Sospeter, alikuwa broka, ananunua dhahabu iliyokwisha kuchomwa na kuipeleka mjini. Yeye Milembe alikuwa na mgahawa mdogo na hakuwahi kushika zebaki maishani mwake.

Nikaangalia mikono yake. Kwenye pete ya ndoa, pete nene ya dhahabu, kulikuwa na mabaka meupe, kama imemwagiwa risasi iliyoyeyushwa. Aliona ninapoangalia, akaificha. Kwandu ndiye aliyenieleza kwamba ile pete ilikuwa imeleta ugomvi mkubwa. Sospeter alikwenda kwa sonara kumshika shati, akidai ameuziwa fedha iliyopakwa rangi. Sonara akaapa mbele ya watu.

Kila mtu wa machimboni anajua dhahabu ikiguswa na zebaki inageuka nyeupe. Ndiyo kazi yao ya kila siku. Nilimwomba Milembe kesho yake aje na kila anachopaka.

Alikuja tena na Kwandu, ameleta mfuko. Baadhi ya makopo hayakuwa na maandishi. Moja, la krimu ya uso ya usiku, lilikuwa zuri kweli, lenye kifuniko kizito, na Sospeter alilileta kama zawadi kutoka safarini. Nyuma palikuwa na orodha ya vitu safi kabisa, maji, glisirini, nta, vitamini, lulu. Zebaki haikutajwa. Lakini chini, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba mtumiaji avue pete na mikufu kabla ya kupaka, na kopo lisiguse dhahabu wala fedha. Nilimsomea Kwandu kwa Kiswahili, kisha nikamsomea tena. Ni vigumu kukutana na maandishi ya ajabu namna hiyo. Aliyeandika alijua kabisa kilichomo, na alichokihurumia ni pete.

Nilimwita Sospeter. Alikuja, kijana mrefu mwenye heshima, akakaa pembeni ya kiti. Nilimweleza habari za figo, akaitikia ndiyo Sista, ndiyo Sista, na niliona kabisa kwamba haamini. Krimu ilikuwa ya gharama. Mke wa rafiki yake anaitumia na ni mzima. Nikaacha habari za figo, nikamwambia aitazame pete.

Aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akaondoka nayo. Kesho yake alirudi na kuiweka mezani kwangu, ya njano tupu, ila imefifia kidogo.

"Niliiweka kwenye moto," alisema. "Ni zebaki, Sista."

Nilimuuliza aliiwekea wapi huo moto. Akasema uani, kwenye jiko la mkaa. Nikamwambia jiko hilo lisipikiwe tena chakula, na kwamba moshi alioupumua ni sumu ileile. Akasema anajua, amekulia kwenye moshi huo. Kisha akainama akalia, na mimi nikaangalia pembeni ili amalize.

Milembe aliacha kupaka. Tulimpa dawa za kupunguza uvimbe, daktari wa hospitali ya mkoa akamlaza wiki kadhaa, na polepole sana mkojo wake ukaanza kusafika. Kwandu alihamia kwake kumuuguza. Alikuwa msichana mwenye akili, amemaliza sekondari, na jioni akija kuchukua dawa tulikuwa tunakaa na makopo ya dukani tunasoma. Nilimfundisha yote aliyonifundisha Mzee Masalu. Baada ya muda akawa ananiambia yeye kipi kinavuta maji, kipi kinaziba, na kwamba kopo lisilo na jina la mtengenezaji halina mtu wa kumuuliza. Nilianza kumtania kwamba nitampa kiti changu.

Wakati huohuo niliripoti yale makopo kunakohusika. Maafisa walikuja na gari, wakapita madukani, wakajaza maboksi, wakatoa onyo. Lilikuwa zoezi zuri na walilifanya kwa uaminifu. Maduka yalifunguliwa kabla vumbi la gari lao halijatua. Muuzaji mmoja, mama wa makamo ninayemheshimu, aliniambia bila hasira kwamba nikimwondolea yeye, wateja watanunua kwenye simu, na huko hata sura ya muuzaji hawaijui.

Tatizo la Milembe likawa uso. Ngozi iliyozuiwa rangi kwa muda mrefu ikiachiwa huru hairudi taratibu. Inarudi kwa mabaka. Paji la uso likawa jeusi kuliko alivyozaliwa nalo, mashavu yakawa na ramani, na puani vipele vikatoka kwa sababu ya steroidi aliyoiacha. Nilimpa nilichokuwa nacho: sabuni isiyo na manukato, krimu nyepesi ya glisirini, mafuta ya mgando, mtandio mpana wa kuzuia jua. Nilimwambia itachukua miezi, pengine zaidi ya mwaka, na baadhi ya mabaka hayatatoka. Sikutaka kumdanganya. Sijui kama ningemdanganya ingekuwaje.

Akina mama mgahawani wakawa wanamuuliza kama ameungua na mafuta ya maandazi. Sospeter hakumsema. Namtetea katika hilo, alimwambia mbele yangu kwamba yeye anataka mke mzima. Lakini alikuwa msafiri, na Milembe alianza kuamini kwamba safari zinaongezeka. Huenda ziliongezeka. Huenda bei ya dhahabu ilipanda tu.

Siku moja alikuja peke yake, uso umenyooka na umeng'aa, mweupe kama wa zamani. Sikuhitaji kuuliza. Nilifunga mlango nikazungumza naye kama mtoto wangu. Nilimkumbusha uvimbe, povu, wiki alizolala hospitali. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia mapajani, kidole hakina pete. Alikuwa amejifunza kuivua.

"Sista," alisema, "figo hakuna anayeiona. Uso kila mtu anauona."

Nilimpima mkojo, nikakuta protini imerudi, nikamwonyesha. Akasema atapunguza. Aliinuka, akaniambia wabeja, asante kwa Kisukuma, akaenda zake.

Mara hii figo hazikusubiri. Aliporudi alikuwa anabebwa, anapumua kwa shida, mikono inatetemeka hata kikombe hakishikiki. Tulimpeleka Mwanza, na kule wakamwingiza kwenye mashine ya kusafisha damu. Sospeter aliuza gari, akauza kiwanja, akauza na ile pete. Niliwatembelea. Milembe alikuwa amekaa kitandani, uso umejaa maji lakini rangi yake haina doa hata moja. Muuguzi wa wodi, kijana kama ninyi, alimsifia kwamba ni mrembo, ajitahidi kula apone. Alifurahi. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akifurahi.

Walimzika Kishapu, nyumbani kwa baba yake, vumbi likiwa jingi na pamba imeshavunwa. Nilikwenda, na nilibaki mpaka siku ya kuanua matanga, kwa sababu ni watu wa kwetu na nisingeweza kuondoka mapema. Asubuhi hiyo akina mama waliketi mkekani, na shangazi wa marehemu akafungua masanduku ili kugawa vitu. Vitenge vikatoka, viatu, mtandio niliompa mimi. Kisha ukatoka mfuko wa vipodozi.

Niliomba ruhusa ya kusema. Nilieleza kwa Kisukuma, taratibu, kwamba hivyo ndivyo vilivyomuua. Wote walinisikiliza kwa heshima. Shangazi akaniambia kwamba daktari aliwaambia ni figo, na kwamba vitu hivyo vya gharama ni mali ya marehemu. Vikitupwa shimoni watu watasema wamemdharau mtoto wao. Akanipa mimi kopo moja, kama sehemu yangu, kwa kuwa nilimuuguza. Mengine yakaenda mkono kwa mkono. Moja la aina ileile yenye kifuniko kizito, alilolinunua upya, limefunguliwa tu, lilimfikia Kwandu.

Nilimtazama. Alilifunua, akanusa, akaligeuza nyuma. Midomo yake ilitembea, nikajua anasoma, maji, glisirini, nta, mpaka chini kwenye herufi ndogo. Alijua kila neno. Mimi ndiye niliyemfundisha. Akafunga kifuniko na kulifungia kwenye pindo la khanga.

Nilimfuata nyuma ya nyumba. Hakukasirika wala hakukimbia.

"Najua, Sista," alisema. "Nitapaka kidogo tu."

Nilirudi kazini, na foleni ilikuwa ileile. Niliendelea mpaka siku yangu ilipofika, na mkaniaga vizuri, nawashukuru. Baadhi yenu mlionizunguka siku ile mikono yenu na nyuso zenu haviko rangi moja. Nilinyamaza kwa sababu palikuwa na wageni, na kwa sababu hayo ninayoyajua nanyi mnayajua. Tulisoma vitabu vilevile. Endeleeni kuwafundisha watu kusoma nyuma ya kopo. Sina ninachoweza kuwaonyesha kwamba inasaidia, lakini sijui kazi nyingine ya kuwaachia.

Sospeter alihama machimbo, sijui aliko. Kwandu ameolewa Ibadakuli, pembeni tu ya mji wa Shinyanga. Nikimpigia anapokea haraka, ananiamkia, anasema hajambo na nyumba haijambo. Nikimwomba tuonane kwa video, anasema mtandao wa huko ni mbovu.